Mlamba Asante

Siku kisanduku kilipowashwa walikuwepo watu wanne. Alikuwepo Bwana Zebedayo, mwenye kiwanda cha kukausha tangawizi. Alikuwepo Elirehema, fundi wa mitandao aliyekuja kutoka Same mjini. Alikuwepo Diana, mpishi wa wafanyakazi. Na alikuwepo Koleta, mpanga tangawizi kwenye vichanja, mwenye mimba ya miezi saba. Kama kulikuwa na wa tano, hakupiga hodi.

Wote wanne walizaliwa milimani. Huko juu ya Gonja mtoto hufundishwa mapema kwamba ukisikia sauti inakuita na humwoni mwenyewe, unanyamaza, mpaka akuite tena na aseme wewe ni mtoto wa nani. Jambo hilo hata mtoto wa darasa la pili analijua. Lakini simu zao zilipowaandikia kwamba kuna cheti kimeingia, na kwamba mwenye cheti hicho hatambuliki, je, wanamwamini, watu wazima wale walibonyeza "Ndiyo" kama mtu anayefukuza nzi. Koleta alibonyeza huku anatafuna kipande cha udongo. Diana peke yake ndiye aliyesita.

"Inaniuliza kama namwamini. Namwamini nani?"

"Bonyeza tu, dada," akasema Elirehema. "Usipobonyeza hupati mtandao."

"Bonyezeni mrudi kazini," akasema Bwana Zebedayo.

Diana akabonyeza.

Bwana Zebedayo alikuwa mtu wa namna ya pekee. Watoto wakimwamkia shikamoo, alitazama saa. Mfanyakazi akimletea chai, aliipokea kama vile kikombe kimetembea chenyewe. Alikwenda semina Moshi akasikia kwamba mwenye kampuni anapaswa kujua kinachopita kwenye mtandao wake, akarudi akiwa na wazo moja tu kichwani, kwamba wafanyakazi wanamsema. Na kweli walikuwa wanamsema. Angekuwa mtu mwingine angejiuliza kwa nini. Yeye alinunua kisanduku.

Mtandao wenyewe ulitoka kwenye dishi la kiwanda. Nyuma ya mlima ule simu haishiki mpaka upande juu ya mwamba wa ukingoni, na Koleta na tumbo lake asingeweza kupanda mwamba. Mume wake, Vitus, alikuwa Kahama kwenye karakana ya malori. Kila neno lililotoka kwa Vitus kwenda kwa Koleta, na la Koleta kwenda kwa Vitus, lilipita kwenye dishi lile, na sasa kwenye kisanduku. Programu kubwa za ujumbe zilikikataa, zikabaki kuzunguka tu bila kufunguka. Kwa hiyo watu walirudia barua pepe, ambayo ilipita vizuri.

Mchana, wakati wa makande, Diana alimkalisha Elirehema karibu na jiko.

"Hebu niambie, mdogo wangu. Hicho kidude kinafanya nini?"

"Kinakaa katikati, dada. Kwa kawaida ni kama kondakta aliyepewa bahasha iliyofungwa. Anajua inakwenda kwa nani, ndani hajui kuna nini. Anaifikisha, basi."

"Na hiki chetu?"

Elirehema alikoroga makande yake, ambayo hayakuhitaji kukorogwa. "Hiki kimeambiwa kifungue."

"Mbona simu yangu inaonyesha kufuli?"

"Kufuli lipo. Ila ni la kwake. Ukimwandikia mama, unamfungia yeye, ukidhani umemfungia mama. Anafungua, anasoma, anafunga upya kwa kufuli jingine, anapeleka. Kule nako wanaona kufuli, wanaridhika. Makufuli mawili, na funguo zote anazo aliyekaa katikati. Kile cheti mlichobonyeza ndiyo ruhusa yake."

"Na aliyekaa katikati ni nani?"

"Mashine tu, dada," akasema Elirehema, upesi kidogo kuliko ilivyostahili.

Kisanduku kile hakikuwekwa ofisini. Kilipata joto haraka, kikahitaji pahali pa baridi, na pahali pa baridi kuliko pote palikuwa kibanda cha mawe kwenye ukingo wa ndiva. Ndiva ni bwawa la udongo na mawe walilochimba mababu. Kijito hulijaza usiku, na asubuhi mtu huchomoa kizibo maji yakashuka kwenye mashamba. Ndiva ile ilikuwa na desturi yake. Anayechomoa kizibo husema "asante" kwa sauti, akaondoka bila kugeuka. Hakuna aliyekumbuka anashukuriwa nani. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na mama mmoja mwembamba aitwaye Kaanaeli, mwimba kwaya wa Kilutheri mwenye ulimi mkali, na kibanda kile alikiacha wazi siku zote, kikiwa kitupu.

Bwana Zebedayo alipojenga kiwanda aliiwekea ndiva bomba lenye koki inayojifungua yenyewe. Kaanaeli alimfuata kumwambia habari ya asante.

"Maji hayana masikio, mama," akamjibu, akafunga mlango wa gari.

Tangu siku hiyo pale ndivani hakuna aliyeshukuru tena. Kisha kibanda kikatiwa mlango wa chuma, waya wa umeme, na kisanduku chenye taa ndogo za kijani.

Jambo la kwanza lilikuwa dogo. Mama yake Diana, aliyekaa Ndungu kwenye mashamba ya mpunga, aliandika: "Mpunga umevunwa." Halafu basi. Mama huyo hakuwahi kuandika sentensi bila kusema "mwanangu kipenzi," wala kufunga barua bila kumkabidhi Diana kwa Mungu, pamoja na sufuria zake. Diana aliitazama simu, akaigeuza, akaitazama tena.

"Labda mtu mwingine kamwandikia," akasema Koleta.

"Labda."

Siku zilizofuata ikawa hivyo kwa wote. Ujumbe ulifika, kufuli lipo, na maneno yalikuwa ya kweli, lakini yamekauka kama ngozi iliyoanikwa. Kaka aliandika "Nimepata," wakati alipaswa kushukuru. Mchumba aliandika "Sawa." Kiwandani watu walianza kununa. Mmoja alisema ndugu zake wamembadilikia, mwingine akasema hata yeye, na kila mmoja alijibu kwa hasira yake. Hasira zilifika nzima, bila kupungua hata herufi.

Koleta alivumilia. Barua za Vitus zilikuwa zimejaa maswali. Alikuwa na tabia ya kuuliza kila mtu amekula nini, hata mbuzi. Sasa zilikuja fupi. "Nipo." "Gari bado." Koleta alizisoma amekaa kwenye gunia, akafuta macho kwa kona ya khanga, akaendelea kupanga tangawizi. Diana alianza kumwekea parachichi zima kwenye makande, la kwake mwenyewe, akidai kwamba leo parachichi zinamkinaisha. Bwana Zebedayo alipita hapo kila asubuhi. Alimwona akilia, akapita.

Halafu ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya tope la chini ya ndiva, tope la majani yaliyooza, na ilitoka kwenye kibanda kikavu kilichofungwa mlango wa chuma. Na pamoja na harufu ikaja sauti. Koleta aliisikia kwanza adhuhuri moja alipokwenda kuchota maji, sauti laini ya ulimi unaolamba bakuli la bati, taratibu, kama paka aliyebakishiwa maziwa. Alichungulia kwenye ufa wa mlango. Hapakuwa na paka. Taa za kijani zilikuwa zinawaka na kuzima, na kila zilipowaka, kililamba.

Alirudi jikoni ndoo ikiwa tupu.

"Dada Diana," akanong'ona, "kibandani kuna kitu kinakula."

"Panya."

"Panya hutafuna. Hiki kinalamba."

Diana alimtazama uso, akaona haikuwa mzaha. Akamshika mkono, akafungua mdomo kumwambia pole. Midomo ikaenda. Sauti haikutoka. Badala yake, katikati yao, hapo hapo mbele ya nyuso zao, palisikika mlio mmoja mfupi wa kulamba, wa majimaji, na Diana akahisi mdomoni ubaridi kama amebusiwa na chura.

Diana akajifuta mdomo kwa kiganja.

"Umesema nini?" akauliza Koleta.

"Nimesema..." Diana alijaribu tena, na tena haikutoka. Machozi yakamjaa. "Chukua kikombe," akasema, na hilo likatoka vizuri kabisa.

Asubuhi ya pili yake Koleta alifungua simu akakuta barua ya Vitus yenye neno moja. "Nimechoka."

Hakulia. Alikunja nguo zake na vitambaa vya mtoto, akaviweka kwenye mfuko wa turubai. Aliamua kurudi kwao Shighatini akazalie huko, na mtoto akikua akiuliza baba yuko wapi ataambiwa alichoka. Alimwomba Diana amtafutie pikipiki ya kumshusha barabarani.

Kwa ajili ya mvua, pikipiki ilipatikana siku ya tatu. Siku hiyo ukungu ulishuka mapema, mzito, mpaka vichanja vikapotea kimoja kimoja. Pikipiki ilipanda ikiwa imewasha taa mchana, Koleta akauchukua mfuko wake. Lakini pikipiki haikuja tupu. Nyuma alikaa mwanamume aliyelowa mpaka shingoni, akashuka, akasimama mbele yake bila salamu.

"Nimekuja uniambie kwa mdomo wako," akasema Vitus. "Umeniandikia nisirudi. Sema sasa, nisikie."

"Mimi?"

"Neno moja, Koleta. 'Usirudi.' Nimepanda mabasi na neno hilo mfukoni."

"Na wewe uliyechoka? Uliyechoka unatafuta nini huku?"

"Nani kasema nimechoka?"

Walipigiana kelele kwenye ukungu mpaka Diana akaingia katikati akiwa na mwiko mkononi. "Leteni simu," akasema. "Zote mbili. Wekeni hapa."

Wakaziweka juu ya gunia. Kwenye simu ya Koleta, barua aliyoituma ilisomeka: "Usirudi sasa hivi, baba, mvua imekata barabara na mimi nakutaka ukiwa mzima. Nitakungoja hapa hapa." Kwenye simu ya Vitus ilisomeka: "Usirudi." Kwenye simu ya Vitus, ile aliyoituma ilisomeka: "Nimechoka kulala bila kusikia unavyokoroma, mama mtoto wangu. Usibebe ndoo. Diana anakusaidia, mpe asante yangu." Kwenye simu ya Koleta ilisomeka: "Nimechoka." Hakuna neno lililoongezwa. Yaliondolewa tu, na yaliyobaki yakafungwa vizuri kwa kufuli.

Vitus alikaa chini kwenye matope.

Elirehema alikuwepo siku hiyo, ameitwa kwa sababu kisanduku kilikuwa kinatoa maji. Alizisoma simu zile, akazirudisha juu ya gunia. "Kisanduku kinasoma," akasema. "Hakijui kula." Akaenda mbio ofisini, na wengine wakamfuata.

Bwana Zebedayo alikuwa mbele ya kioo kikubwa cha kompyuta yake. Kwenye kioo zilijipanga barua za kiwanda kizima, jinsi zilivyoingia kwenye kisanduku kabla hazijapita. Zilikuwa nzima. Mwanangu kipenzi alikuwepo. Kukoroma kulikuwepo. Alikuwa amezisoma zote, siku zote, na chai mkononi.

"Ulijua Vitus ameandika nini," akasema Diana polepole. "Kila asubuhi ulimpita mtoto wa watu analia, na ulijua."

"Sheria ya kampuni," akasema Bwana Zebedayo, "hairuhusu kutoa siri za mtandao."

Walitoka wakamwacha na chai yake. Kuna watu ambao hata tusi linajiuliza kama lina haja ya kwenda kwao.

Diana mwenyewe ndiye aliyemfuata Kaanaeli. Mama yule alifika amejifunga shuka la baridi kichwani, akawasikiliza bila kuketi.

"Shikamoo, mama," akasema Koleta, na shikamoo haikutoka. Ilisikika tu ile sauti ya ulimi.

"Usiniamkie," akasema Kaanaeli. "Analishwa hivyo. Huyo ni wa ndiva. Alikuwa na asante yake moja asubuhi, akilala nayo kutwa, hamsumbui mtu. Mkamnyima, halafu mkamjengea meza mlangoni pake na kumpitishia mapenzi ya watu yakiwa yamefunuliwa. Angefanya nini, aombe likizo? Ila ni jini la hovyo. Mengine hutisha watu, mengine huangusha miti. Hili linasoma barua." Akatema mate pembeni. "Fundi, lizime."

"Nimeshachomoa waya, mama. Tangu asubuhi. Taa bado zinawaka."

"Kwa nini?"

"Sijui. Labda kwa sababu simu zote bado zinamwamini."

"Basi zikamkatae mbele yake. Kusanyeni. Na mkiingia humo, mtu asiseme neno zuri hata moja. Tukaneni. Dharau hawezi kuila."

Simu za wafanyakazi zikakusanywa kwenye ungo. Bwana Zebedayo peke yake alikataa kutoa ya kwake, akasema ina mambo ya kampuni.

Waliingia kibandani wakiwa watano, Kaanaeli mbele, Elirehema na ungo wake, Diana, na Vitus aliyemshika Koleta bega, maana Koleta alikataa kubaki nje, akisema barua zilizoliwa zilikuwa zake. Ndani kulikuwa na mwanga wa kijani tu, na ukungu ulioingia nao ukasimama mlangoni kama mtu asiyetaka kuonekana. Kuta za mawe zilikuwa zimelowa, na si kwa maji yanayotiririka kutoka juu kwenda chini, bali kwa mistari mipana iliyopanda kutoka chini kwenda juu, mstari juu ya mstari, mpaka darini, kila mmoja ukiwa na upana wa kiganja, kama ng'ombe mkubwa amekaa humo msimu mzima akilamba chumvi. Waya wa umeme ulilala sakafuni umechomolewa kwenye soketi yake. Taa zikawaka, kikalamba, zikazima, kikanyamaza, na katika kile kimya walisikia kitu kikigeuka ukutani kuwatazama.

"Anza," akanong'ona Kaanaeli.

Elirehema alifungua simu ya kwanza, akatafuta orodha ya vyeti, akakipata kile. Simu ikaandika: "Tafadhali thibitisha kufuta." Wakiwa wanatazama, neno "Tafadhali" likafifia kwenye kioo, herufi moja baada ya nyingine, ikabaki "thibitisha kufuta," na kioo kikawa na ute.

"Unaiba hata tafadhali ya simu!" akasema Kaanaeli kwa sauti kubwa. "Mlamba masufuria wewe! Paka wa jirani ana aibu kukushinda!"

Ukuta ukanywea. Elirehema akathibitisha, akashika simu ya pili.

"Kinywa kisicho na meno!" akasema Diana. "Umeshindwa kutafuna ukaamua kulamba!"

"Kupe!" akasema Vitus. "Kupe wa barua!"

Wakaendelea hivyo, simu baada ya simu, na kila cheti kilipofutwa mstari mmoja wa ukutani ulikauka, lakini kile kilichokuwa ukutani kilizidi kukasirika na kuwasogelea, kikizunguka nyuma yao, kikipitisha ubaridi wake kwenye shingo ya huyu na sikio la yule, kikitafuta mdomo ulioteleza, na Vitus, ambaye alikuwa ametukana mpaka pumzi imemwishia, alimgeukia mkewe akamwona amelowa jasho, akasahau yote aliyoonywa, akafungua kinywa kumwambia kitu, na Koleta aliona midomo ya mumewe ikienda bila sauti na kitu kisichoonekana kikiilamba midomo ile kutoka pembe hadi pembe, taratibu, kwa uroho, mpaka ikang'aa.

"Mtukane!" Kaanaeli akamnong'oneza Koleta. "Upesi, mwanangu, mtukane!" Na "mwanangu" ile haikusikika.

Koleta hakuwa na matusi. Alikuwa mtu wa kumwambia mbuzi pole akimfunga kamba. Alitafuta, akapata hili tu: "Wewe... wewe huna hata mtu wa kukusalimia."

Na kwa kuwa ndani ya sauti yake kulikuwa na huruma, kile kitu kilimwacha Vitus. Kilimjia yeye. Alihisi ulimi mpana wa baridi ukimpanda tumboni juu ya gauni, kutoka kitovuni kwenda kifuani, ukirudi, ukipanda, pale pale ambapo kila siku aliongea na mtoto, na mtoto aliyekuwa akicheza tangu asubuhi akatulia kimya ndani yake kama anayejificha, na hapo ndipo Koleta alipokasirika kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima.

"Toka kwa mtoto wangu, takataka!" akapiga kelele. "Umesoma barua zote hizo na hujajifunza hata kuandika jina lako! Huna ukoo! Huna kwenu! Hata kuogopwa hustahili, wewe ni wa kufagiliwa!"

Ulimi ukaruka kama umegusa kaa la moto.

"Imebaki moja," akasema Elirehema.

Wakati huo mlango ukasukumwa. Bwana Zebedayo alisimama kizingitini na simu yake mkononi, amekuja kuwafukuza. "Nani aliwaruhusu," akaanza, halafu akaona waya uliochomoka, na taa zinazowaka, na kuta, na mstari mmoja wa ute uliokuwa ukisogea kwenye sakafu bila mtu wa kuuburuta. Mtu huyu ambaye hakuwahi kumshukuru hata aliyemtoa gari lake matopeni alipiga magoti kwenye tope, akaunganisha mikono.

"Nyamaza," akasema Kaanaeli. "Zebedayo, funga mdomo."

"Tafadhali," akasema Bwana Zebedayo. "Tafadhali, ndugu zangu. Msiniache. Nawasihi. Nisameheni. Asanteni, asanteni sana, Mungu awabariki..."

Maneno yale yalisikika mwanzoni. Yalikuwa mengi, mabichi, ya maisha mazima, hayajawahi kutumika. Kisha yakaanza kupungua sauti, huku midomo yake ikiendelea, wazi kabisa. Elirehema alifuta cheti cha mwisho kwenye ungo. Taa za kijani zikazima zote kwa pamoja. Ukuta ukakauka.

Lakini kulamba hakukukoma. Kulisikika tu mahali pengine. Bwana Zebedayo alifumba mdomo, akashika koo, akameza kitu kikubwa kwa shida, na baada ya hapo sauti ile ikaendelea ndani yake, ndogo, ya kushiba.

Walitoka wakimpita pale chini. Nje ukungu ulikuwa unapanda mlima, na vichanja vilianza kuonekana. Vitus alimgeuza Koleta akamtazama, akaogopa kujaribu, halafu akajaribu.

"Pole," akasema.

Ilisikika. Koleta aliweka mkono mdomoni. Mtoto akampiga teke ubavuni.

"Sema tena," akasema.

"Pole, mama. Pole sana. Umekula?"

Diana alienda kuweka maji ya chai, maana mtu lazima afanye kitu. Elirehema alikibeba kisanduku mwenyewe, akakirudisha siku nyingine kikiwa kimeambiwa kupitisha bahasha zikiwa zimefungwa, na mbele ya kila mtu akaomba radhi. Walimsamehe kwa sauti, ili kila mmoja asikie kwamba inatoka. Koki ya ndiva iling'olewa, na Kaanaeli akarudia kizibo chake, lakini anasema siku hizi anaposhukuru maji hahisi kama kuna anayepokea.

Bwana Zebedayo bado anaendesha kiwanda. Anazungumza vizuri, anatoa amri, anapanga zamu. Neno jema halimtoki, lakini hilo halikuwashangaza waliomjua. Kinachowafanya watu wampishe njia ni kingine. Mtoto akimwamkia, shikamoo ya mtoto haisikiki. Kanisani, sala ya shukrani inapofika, waliokaa benchi moja naye husikia maneno yao yakikatika midomoni, na kutoka kwenye kifua chake, chini ya tai, ulimi ukilamba bakuli. Siku hizi kwenye benchi lile hukaa peke yake. Simu yake haijawahi kufutwa kile cheti, na hakuna fundi anayekubali kuishika.

Vitus hakurudi Kahama. Alipata kazi ya kutengeneza pikipiki Ndungu, na jioni hupanda mlima kwenda nyumbani.